Unaupa Msiba Huu Nyota Ngapi?

Siku ya pili ya msiba wa baba mdogo, Ujiji, nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu, mgongo ukutani, miguu imeshakufa ganzi. Kisomo kilikuwa kimeanza. Simu ikatetemeka kwenye pindo la kanga. Nikaichungulia kwa kuibia, nikidhani ni ndugu wa Tabora waliokuwa njiani na treni wanatoa taarifa wamefika wapi.

Hawakuwa wao. Ilikuwa programu ya ramani. Kwa Kiswahili kilichonyooka iliniuliza kama nimefurahia huduma ya hapa, na chini yake ilikuwa imepanga nyota tano tupu zinazosubiri kidole changu.

Miaka mingi baba mdogo aliuza chai, maandazi na maharage ya mawese kwenye baraza ya nyumba yake. Mteja mmoja, nahisi ni kijana wa chuo, aliwahi kuiweka baraza ile kwenye ramani: hoteli. Kwa hesabu za simu, basi, mimi nilikuwa nimekaa hotelini siku mbili mfululizo. Mtu hakai hotelini siku mbili kama chai si nzuri.

Nikacheka. Msibani, katikati ya kisomo, kicheko kikanitoka puani. Nikakigeuza kikohozi. Shangazi akanitazama jicho moja tu, likatosha.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa stori ya kuchekesha watu dukani. Haikuishia hapo.

## Majina matatu

Usiku ule, watu wamelala wamebanana kama dagaa kwenye ungo, nilifungua mtandao wa kijamii ili nipitishe muda. Kati ya picha za "watu unaoweza kuwafahamu" palikuwa na sura niliyokuwa nimeiona mchana: mwanamke wa makamo, baibui ya kijivu, aliyekaa karibu na mlango bila kuzungumza na mtu. Nilidhani ni jirani.

Nikasoma jina. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la baba mdogo. La tatu lilikuwa la babu yetu.

Kwetu jina linasomeka kama anwani. Huhitaji kuuliza mara mbili.

Baba mdogo alikuwa na watoto wanne tunaowajua, na wote wanne walikuwa ndani ya nyumba ile. Nikazima kioo cha simu, nikakaa macho gizani, nikijiambia hili nitalimeza peke yangu. Nilijidanganya. Asubuhi mdogo wetu mmoja alikuwa ameshaiona picha ileile. Hadi adhuhuri mwingine, aliyeko Dar es Salaam na ambaye hata msibani hakufika, alikuwa ameipiga picha ya kioo na kuitupa kwenye grupu letu la vijana na maneno mawili: "Huyu nani?"

Wiki zilizofuata sikuumizwa sana na kuwa baba mdogo alikuwa na mtoto mwingine. Mambo hayo yapo, na wazee wana namna yao ya kuyabeba. Kilichonikera ni nani ametutangazia, na ametutangazia lini.

## Beji ya Cambridge

Mimi nina steshenari Mwanga, hapahapa Kigoma. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni, naseti simu mpya. Bando likibaki usiku, nasoma. Kwa wiki kadhaa nilisoma jambo moja tu: hili wazo la kuunganisha mitandao ya marafiki na simu inayohisi mazingira yake limetoka wapi?

Mark Weiser, mtafiti wa maabara ya Xerox PARC kule California, aliandika mwaka 1991 kwamba teknolojia iliyokomaa ni ile inayotoweka machoni, inayosokotwa ndani ya maisha mpaka mtu asahau kuwa ipo. Alitaka kompyuta ziwe nyingi chumbani, ndogo, kimya, zikituhudumia bila kuitwa. Alifariki 1999, kabla ya simu janja kuingia mfukoni mwa muuza dagaa wa Kibirizi.

Kilichonivutia zaidi ni beji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, maabara ya Olivetti huko Cambridge, Uingereza, iliwavalisha wafanyakazi wake beji zilizokuwa zikirusha mwanga usioonekana kila baada ya sekunde 15 hivi. Vipokezi vya ukutani viliudaka mwanga huo, na mtu wa mapokezi akaona kwenye kioo nani yuko chumba gani. Kazi yake? Kuhamishia simu. Mtu akipigiwa, simu inalia chumba alichomo.

Yaani ule mgogoro mzima wa faragha ninaoumia nao leo ulianza kwa sababu mtu hakuwepo mezani kwake simu ilipolia.

Na ile beji ilikuwa na heshima moja. Ukiivua na kuitia kwenye droo, hakuna anayekuona. Mwanga haupiti ubao.

Mwaka 1994 mtafiti Bill Schilit na wenzake wakalipa jambo hili mipaka: kompyuta yenye kujua mazingira inatakiwa kujua mambo matatu, ulipo, uliye naye, na vilivyo karibu nawe. Baadaye yakaja ya marafiki. Mwaka 2000, New York, ilianza huduma iitwayo Dodgeball: unatuma ujumbe mfupi kusema uko baa fulani, marafiki zako walio jirani wanapata habari. Google wakainunua 2005, wakaifunga 2009, na mwaka huohuo mwanzilishi wake, Dennis Crowley, akarudi na Foursquare, huduma nyingine ya kutangazia marafiki ulipo.

Angalia mwenye kusema ni nani katika hatua zote hizo. Kwenye Dodgeball nilikuwa nasema mimi. Naandika, natuma. Nisipotaka, natulia na bia yangu (mimi ni wa soda, lakini mmenielewa). Siku hizi kinachosema ni chombo, na mimi napata habari zangu pamoja na wengine.

## Mzee yupo?

Siku ya tatu, mchana, watu wako chini ya turubai, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Akashuka kijana mwenye begi mgongoni, simu mkononi, sauti ya kike ikimwambia amefika. Akaona viti vingi, watu wengi, vikombe vya chai. Akatabasamu.

"Hamjambo? Mzee yupo? Nimeelekezwa maharage ya hapa."

Hakuna aliyejibu. Sekunde tatu, nne. Dereva wa boda ndiye aliyeelewa wa kwanza, alivua kofia. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu tangu wakivua pamoja, akainuka taratibu, akamshika yule kijana mkono kwa mikono yake miwili, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Karibu, mwanangu. Mzee tumemzika juzi. Kunywa chai." Kijana akalia. Hakuwa akimjua baba mdogo, lakini alilia, na kabla ya kuondoka aliandikisha rambirambi yake kwenye daftari kama watu wote.

Nimelifikiria sana neno lile, "yupo".

Kiswahili chetu kina namna tatu za kuwa mahali, na mtoto wa darasa la pili hakosei. Yupo, yuko, yumo. Wanaume walikuwepo pale nje. Wanawake tulikuwemo, ndani ya nyumba na ndani ya msiba wenyewe. Vijana walikuwa huko, unajua tena vijana. Kwenye ramani ya simu sote tulikuwa kitone kimoja cha bluu, umbali wa mita chache. Na bado hapo hujagusa "nipo" ya mtu anayejibu ujumbe saa sita usiku, ambayo haitaji mahali hata kidogo. Maana yake ni sijalala, sema shida yako. Wala "nipo nipo tu" ya asiye na kazi. Wala "niko njiani" ya mtu ambaye bado anatafuta kiatu chini ya kitanda, uongo mdogo ambao sote tumekubaliana kuuamini ili mwenzetu asiaibike.

Simu inajua mahali. Hali haijui. Nimeshangaa kuona kwamba kwetu neno la pili limelala ndani ya la kwanza na bado chombo kimelikosa.

Mwaka 2008 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walijaribu kulipata. Walitengeneza programu iitwayo CenceMe kwenye simu za Nokia N95. Ilisikiliza kipaza sauti na kihisi cha mwendo, ikakisia kama mwenye simu amekaa, anatembea, anazungumza, yuko kwenye sherehe, kisha ikawaambia marafiki zake mtandaoni. Kazi ya kiufundi ilikuwa nzuri, sibezi. Ila niliiweka kichwani pale Ujiji: sauti za watu wengi kwa pamoja, chakula kingi, watu wamekaa karibu karibu, mtu analia na mwenzake anacheka kumbukumbu ya marehemu. Ingewaambia marafiki zangu nini?

Hoteli ile bado ipo kwenye ramani. Kuna kitufe cha kusema pamefungwa moja kwa moja. Nimekifikia mara mbili, nikarudi nyuma.

## Kitone cha Katonga

Nisiwe mnafiki. Mimi ndiye niliyelianzisha grupu la familia la kutumiana lokesheni.

Mdogo wangu anavua dagaa Katonga, Ziwa Tanganyika. Mwaka fulani upepo wa kusi uliwashika ziwani hadi saa nne asubuhi, na wifi yangu (mke wa mdogo wangu, siyo ile ya intaneti) alikaa ufukweni tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Nikasema hapana. Nikawasetia wote simu: kila mtu amwone mwenzake alipo, moja kwa moja. Nilijiona mjanja wa mji.

Usiku wa kwanza wa giza, mdogo wangu akafunga simu kwenye mfuko wa plastiki, fundo mbili, akaenda. Saa mbili usiku kitone chake kilikuwa nje kidogo ya Katonga. Saa tano, palepale. Saa tisa, palepale. Wifi akanipigia anahema: "Dada, hajasogea! Mtumbwi hauwezi kukaa hivyo, amezama!"

Ilinichukua muda kumweleza nilichotakiwa kueleza mwanzo. Simu kule ziwani inaweza kujua ilipo, kwa sababu setilaiti hazihitaji mnara wa mtandao. Kukuambia wewe ndiko kunahitaji mnara. Mnara ukiisha, kitone kinabaki pale ilipotuma salamu za mwisho. Wifi alikuwa anaangalia saa mbili usiku na kudhani anaangalia sasa.

Mdogo wangu alirudi saa kumi na mbili na nusu na dagaa wa kutosha, akiwa amechoka, akamkuta mkewe amevimba macho.

Na hiyo ni nje kidogo ya mji wetu tu. Ukipanda boti kwenda Kagunga, mpakani, simu inadaka minara ya ng'ambo na kukukaribisha Burundi hata kama hujanyanyua mguu. Inarudisha na saa nyuma, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Mfanyabiashara mmoja, mteja wangu, aliamshwa na kengele ya saa kumi na moja wakati Kagunga ilikuwa saa kumi na mbili kamili na boti ya kurudi imeshajaa. Simu ilikuwa na uhakika kabisa kuwa iko nchi nyingine.

Lakini yapo niliyojifunza kwa mdogo wangu ambayo hayamo kwenye makala nilizosoma. Usiku wa giza, ukisimama Bangwe, ziwa limewaka taa kama mji. Mimi naona uzuri. Yeye anasoma. Taa ya fulani inatembea, bado anatafuta. Taa ya fulani imetulia muda mrefu, huyo amepata. Wenzake wanaanza kusogea. "Ndiyo maana," akaniambia huku akicheka, "ukipata, usitulie sana. Jisogezesogeze kidogo."

Nikamuuliza kama grupu la wavuvi la kutumiana mahali penye dagaa lingefaa. Alinitazama kama nimemwomba namba ya siri ya benki.

"Dada, ya upepo tutaambiana. Upepo ni wa wote. Ya dagaa, kila mtu na macho yake."

Sentensi hiyo nimeihesabu kuwa bora kuliko nusu ya niliyoyasoma. Mahali pamoja, mtu mmoja, usiku mmoja. Habari moja ni ya kupigia kelele, nyingine ni ya kufunika. Na katika lile grupu nililowasetia, kitufe kilikuwa kimoja.

## Asilimia 95

Mwaka 2004 Nathan Eagle na Alex Pentland wa MIT, chuo kilicho jirani na Boston, Marekani, waliwagawia watu wapatao mia moja simu za Nokia 6600. Kila baada ya dakika chache simu ilitafuta kwa Bluetooth simu zilizo jirani, ikaandika nani yuko karibu na nani. Miezi tisa. Matokeo waliyochapisha 2009, pamoja na David Lazer, ni kwamba kwa kuangalia tu nani alikuwa karibu na nani, saa ngapi na wapi, waliweza kubaini asilimia 95 ya urafiki ambao watu wenyewe waliutaja.

Siri ilikuwa saa. Wafanyakazi wawili kukutana mchana ofisini si kitu. Wakikutana nje ya kazi, usiku, mwisho wa wiki, hao ni marafiki.

Nimeisoma na kuiamini. Kwa Boston.

Sasa niletee hizo Nokia Ujiji. Usiku wa msiba, nje ya kazi, mwisho wa wiki, bega kwa bega na mimi alikuwepo mama ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa kiwanja. Alikuja kwa sababu msiba hauna ugomvi, na alilala mkekani siku tatu kwa sababu angeondoka mapema wangemsema. Kwa Bluetooth yeye ni shoga yangu wa chanda na pete. Na walioubeba msiba ule hasa, wale watatu waliokuwa uani na masufuria ya kukodi tangu alfajiri, simu zao zilikuwa kwenye beseni chumbani zinachajiwa. Kwenye data hawakuwepo. Ubwabwa walioupika tulikula sote.

Sisemi kwamba chombo kilikosea kuhusu yule mwanamke wa baibui ya kijivu. Hapo ndipo ninapokwama kila usiku. Hakikukosea. Kilipatia kuliko ukoo mzima.

## Ruhusu

Wiki ya tatu ndipo nilipokumbuka.

Miaka miwili nyuma watoto wa baba mdogo walimnunulia simu janja. Aliniletea dukani, kwenye mfuko wa karatasi, kama mtu aliyebeba mayai. "Mwanangu, niwekee hii iwe tayari." Nikakaa, nikamhamishia namba zake, nikampakulia programu. Kila moja ilipoomba kusoma kitabu cha namba, kujua alipo, kusikia kipaza sauti, nilibonyeza. Ruhusu. Ruhusu. Ruhusu. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mteja, foleni ikiwa ndefu nje.

Yeye alikuwa anakunywa soda, anaangalia barabara.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazungumza sana juu ya ridhaa. Ridhaa ya nani hapa? Namba ya yule mwanamke, aliyekuwa Kasulu, ilikuwa kwenye simu ya mzee wa Ujiji, ikaruhusiwa na kidole cha mwenye steshenari wa Mwanga. Mwenye namba hakuulizwa. Mwenye simu hakuulizwa kwa namna ya kuelewa. Aliyeulizwa ni mimi, nikajibu kwa niaba ya ukoo.

Huenda njia ilikuwa nyingine. Tulikuwa na simu zaidi ya thelathini chini ya paa lile siku tatu, na namba ya baba mdogo ilikuwa ndani ya zote. Ila kidole ni changu, na sikupata usingizi.

Nikaenda kwa shangazi.

Nilimkuta anaanika dagaa. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote nikiwa nimechuchumaa, mpaka ile picha ya kwenye grupu. Hakushtuka hata kidogo.

"Yule binti namjua tangu akiwa na meno mawili," akasema. "Mama yako marehemu alimjua. Mzee wa chini ya mwembe anamjua. Nani kakwambia hatujui?"

"Sasa mbona kimya, shangazi?"

"Kimya wapi? Ilikuwa arobaini. Kaka yangu alisema mwenyewe: msinichanganyie kilio na maswali. Watu walie kwanza. Arobaini nitamshika mkono mimi, nimkabidhi kwenu. Tulishapanga na nani apike." Akageuza dagaa kwa kiganja. "Hiyo simu yenu imejua. Sawa. Kujua hata mtoto anajua. Kukaa na jambo je, inaweza?"

Helen Nissenbaum, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 2004 hoja ambayo tangu siku ile naisoma kwa sauti ya shangazi. Anasema faragha haimaanishi kuficha. Habari husafiri, na kila mazingira yana desturi yake ya nani amwambie nani, kwa masharti gani. Uvunjifu ni pale habari inaposafiri kwa njia ambayo desturi haikuikubali. Ya daktari si ya mwajiri hata kama ni maneno yaleyale. Ya arobaini si ya siku ya pili.

Miaka thelathini na zaidi wahandisi wameifundisha mashine mahali, watu, na vitu vya jirani. Shangazi ana la nne, na sioni kihisi chake kitatengenezwa na chuma gani.

Nilimuuliza pia, kwa woga, kama nimekosa. Akasema nimekosa kucheka kwenye kisomo.

## Uani

Arobaini ilifika. Nilikwenda tangu usiku kusaidia kupika, na simu zetu tukaziweka kwenye beseni lilelile chumbani. Baada ya hitima shangazi akasimama mlangoni, amemshika mkono mwanamke mwenye baibui ya kijivu.

"Huyu ni mwenzenu. Baba yenu ni mmoja."

Sijawahi kuona watu wakishangaa kwa ustadi namna ile. Yule mdogo wetu wa Dar, aliyetupa picha grupuni, alikuwa amekuja safari hii; aliinuka wa kwanza, akampokea kwa mikono miwili, akasema, "Karibu dada, tumefurahi kukufahamu," na macho yake yakawa na machozi ya kweli. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Jioni tulijikuta uani, mimi na yeye, tunachambua maharage ya kesho. Gunia alilileta yeye. Kwa muda tulisikia ungo tu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba usiku ule wa msiba simu yake ilimletea sura zetu, tisa kwa mpigo, na kila aliyeitazama aliiona pua ya baba. Akaizima mpaka siku ya saba.

"Baba aliniandika nani kwenye simu yake, unajua?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sikukumbuka, ingawa namba zile nilizihamisha kwa mkono wangu.

"Maharage Kasulu."

Tukacheka mpaka shangazi akaita kutoka ndani kuuliza kuna nini. Miaka yote ile tulikuwa tunayala, tunayasifia, tunaongeza mawese.

"Hakuna kitu, shangazi," akajibu yeye. Akachagua jiwe, akalitupa. Maharage ya mwaka huu yalikuwa na mawe mengi.